Kubaki Mikono Mitupu

Fulani kalamba dume, fulani kalamba galasa: hata asiyewahi kushika karata husema hivyo. Misemo hiyo inanukia michezo ya kukusanya, kama arubastini, ambamo karata za picha, yaani mzungu wa nne, wa tatu na wa pili, zimeitwa kwa pointi zinazobeba. Kopa, uru, shupaza na pao ni majina tuliyoachiwa na Wareno.

Mimi nausifu mchezo wa kinyume chake. Hapa Izia, usiku wa Juni na Julai, baridi ya Ufipa inapouma, tunalizunguka jiko la mkaa kibarazani na kucheza lasti kadi: wanne, watano, hata sita. Ukishagawiwa karata, kazi yako ni moja tu, kuzipoteza. Wa kwanza kuishiwa ndiye mshindi. Hutoka, wenzake wakaendelea, mpaka abaki mmoja na mzigo wake. Huyo ndiye atakayechanganya karata. Kulamba, ambako kwingine ni bahati, hapa ni adhabu, hata ukilamba dume. Na mji wenyewe ni Sumbawanga, jina ambalo wenyeji hulifasiri kuwa tupa uchawi. Kutupa tumekuzoea.

Asiyeujua mchezo hudhani kutupa ni rahisi. Kopa juu ya kopa, saba juu ya saba, basi. Lakini kila unachotupa kinamfungulia jirani njia au kinamfungia, na kila usichotupa kinasikika.

Mtaani kwetu kuna mzee, fundi cherehani, ambaye karata zake huzibana kifuani na hazitazami tena. Hutazama macho yetu yanapotua tukishalamba. Usiku mmoja nilibakiza moja, nikatangaza, "Lasti kadi!" Ilikuwa mzungu wa nne wa shupaza. Mzee, aliyenitangulia kwa zamu, akaweka mbili ya uru taratibu, akainyoosha kwa ukucha hadi pembe zikalingana na za chini yake. Atupiwaye mbili hulamba mbili. Nikalamba.

Nilipompatia nafasi yule mzungu, mizunguko mitatu baadaye, mzee alimwangalia kwa muda.

"Mwanangu, huyu ulikuwa naye tangu mwanzo?"

"Ndiyo, mzee."

"Shupaza ilipita mara mbili, ukaweka nyingine. Ulikuwa unamlea wa nini?"

Sikuwa na jibu. Mkono uliokulia kwenye arubastini humheshimu mzungu wa nne bila kuulizwa. Kwenye lasti kadi yeye ni karatasi kama tano tu. Mzee anayo heshima ya aina nyingine, ya kujua zamu ya kila karata kuondoka, na nimeona wachache sana wenye ufundi huo.

Akatupa yake ya mwisho, saba ya pao. Kisha akafungua viganja vyote viwili juu ya makaa, akaanza kuota moto, nasi wanne tumeshika karata, vidole vimekufa ganzi.