Mateso ya Bwana Katika Banda: Bendi ya Waasi na Mhubiri Aliyechoka

Kila mtumishi aliyehubiri Ijumaa Kuu kwa miaka mingi anaijua hatari hii: habari ya Mateso huzoeleka. Tunaisoma kwa sauti ya huzuni tuliyojifunza, kisha tunarudi nyumbani kula. Mimi nilikwisha kufika hapo. Kilichonizindua hakikutoka katika vitabu vya homiletiki ninavyofundishia, bali katika rekodi ya bendi ya muziki wa roki, ambayo mwanafunzi wangu mmoja aliniletea akiuliza kama mhubiri aweza kujifunza lolote humo.

Bendi hiyo ni The Plastic People of the Universe ya Chekoslovakia. Ilianzishwa Praha mwaka 1968, muda mfupi baada ya majeshi ya Mkataba wa Warsaw kuivamia nchi hiyo. Mwaka 1970 ilinyang'anywa kibali cha kupiga muziki kwa malipo. Uasi wake haukuwa wa siasa hasa. Wanamuziki hawa walikataa tu kuimba walivyoagizwa. Katika kesi ya mwaka 1976 watu wanne wa kundi lao walifungwa. Mmoja alikuwa Svatopluk Karásek, mchungaji wa Kanisa la Kiinjili la Ndugu wa Cheki aliyekuwa amenyimwa ruhusa ya serikali ya kuhubiri. Mwingine alikuwa mpiga saksofoni Vratislav Brabenec, aliyehukumiwa miezi minane. Kesi hiyo ilichangia kuzaliwa kwa Hati ya 77, tamko la kudai haki za binadamu lililotolewa Januari 1977.

Brabenec alipotoka gerezani aliandika maneno ya kazi juu ya Mateso ya Kristo, naye Milan Hlavsa akayatungia muziki. Mwaka 1978 waliipiga mbele ya marafiki katika banda la nyumba ya shamba ya Václav Havel, huko Hrádeček. Onyesho hilo lilirekodiwa, na mwaka 1980 likatolewa Kanada kama sahani ya santuri, kwa kuwa nyumbani halikuruhusiwa.

Sikijui Kicheki, nilisikiliza nikiwa na Injili mkononi. Yatupasa kusema kweli: muziki huu si mzuri kwa kipimo cha kwaya zetu. Gitaa la besi linarudia mdundo uleule kwa ukaidi, saksofoni inalia kama mtu anayekabwa, na waimbaji hawajali kupendeza. Mahali pengine marudio yanachosha kabisa. Lakini mchosho huo unamfaa Mtumishi wa Bwana anayeelezwa katika Isaya 53, ambaye hakuna cha kumtamani usoni pake. Sisi tumempamba mno. Maneno juu ya Yesu mbele ya Pilato yaliandikwa na mtu aliyekwisha kusimama mbele ya hakimu, nayo yaliimbwa mahali ambapo kuimba tu kungeweza kuwarudisha gerezani.

Hapa nahimiza uangalifu. Tusiwabatize wanamuziki hawa kwa lazima, wala tusidhani kwamba kila ukaidi ni imani. Hawakuwa kwaya ya usharika. Tena ujasiri wa mwanadamu hauokoi. Anayeokoa ni Yeye aliyesulubiwa. Hata hivyo Luther, katika mjadala wa Heidelberg mwaka 1518, alimtofautisha mwanateolojia wa utukufu na mwanateolojia wa msalaba, ambaye hukiita kitu kwa jina lake halisi. Kwa kipimo hicho, banda lile lilikuwa karibu na Golgotha kuliko mimbari yangu.

Basi, nimepata nini? Si msisimko, kwa kuwa msisimko huisha pamoja na sauti ya vyombo. Nimepata aibu, na baada ya aibu, hamu ya kazi. Wale walihatarisha uhuru wao ili watu wachache wasikie habari ambayo mimi naruhusiwa kuitangaza kila mwaka mbele ya usharika mzima, bila askari mlangoni. Niliyaweka kando mahubiri yangu ya zamani, nikaifungua Marko 15 kana kwamba sijaisoma kamwe. Yule mwanafunzi nilimjibu hivi: ndiyo, aweza kujifunza, endapo atakubali kwanza kuhukumiwa na anachokisikia.