Shaba ya Ndani ya Jani na Shaba ya Juu Yake

Vilima vya shaba vya Katanga, kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, havioti miti mikubwa kwa sababu udongo wake una shaba na kobalti kwa viwango vinavyoua mimea mingi. Hata hivyo vimefunikwa na nyasi na mimea midogo iliyozoea sumu hiyo, ukiwamo *Haumaniastrum katangense*, mmea wa jamii moja na mrehani ambao uotaji wake umewahi kuwaelekeza wanaakiolojia mahali palipoyeyushwa shaba karne nyingi zilizopita.

Shaba iliyoyeyuka katika maji ya udongo huingia mzizini kupitia protini za utando wa seli, kisha hushikwa na molekuli ndogo zinazoizuia isidhuru seli, na sehemu kubwa hubaki humo humo, ama imenata kwenye kuta za seli ama imefungiwa katika vakuoli, yaani mfuko wa maji ulio ndani ya seli. Kwa kuwa ni kidogo tu inayopanda majanini, jani la kawaida huwa na miligramu 5 hadi 20 za shaba kwa kila kilo ya jani kavu.

Ndiyo maana taarifa za mimea ya Katanga yenye zaidi ya miligramu 1,000 zilistaajabisha, na ndipo penye kiini cha uchambuzi huu: shaba hiyo ilikuwa ndani ya jani, au juu yake? Udongo wenye miligramu 20,000 kwa kilo, ukishika kwenye vinyweleo vya jani na kufikia asilimia 5 tu ya uzito wa sampuli, huongeza miligramu 1,000 ambazo mmea haukuzifyonza kamwe. Mwaka 2007 Michel-Pierre Faucon, Mylor Ngoy Shutcha na Pierre Meerts walichunguza upya mimea hiyo, wakalinganisha majani yaliyooshwa kwa makini na yasiyooshwa, na viwango vikashuka baada ya kuoshwa, hivyo takwimu nyingi za zamani zikatiliwa shaka. Kazi hiyo ya sinki na sabuni ya maabara ina thamani kubwa kuliko rekodi yoyote iliyotangulia.

Hesabu ya kusafisha udongo kwa kuvuna mimea inayofyonza shaba pia ni kali. Hekta moja ikivunwa tani 5 za majani makavu yenye miligramu 300 kwa kilo, shaba itakayoondolewa ni kilo 1.5, ilhali sentimita 20 za juu za hekta hiyo, zenye takriban tani 2,500 za udongo, zikiwa na shaba asilimia 1 zina tani 25. Kwa hiyo katika maeneo ya Lubumbashi yaliyochafuliwa na moshi wa kiwanda cha kuyeyushia shaba, kilichoanza kazi mwaka 1911, jaribio lenye maana zaidi ni la kupanda nyasi asilia zinazovumilia shaba, pamoja na chokaa ya kupunguza uchachu wa udongo na mboji ya kuurutubisha, ili mizizi iishike ardhi na vumbi lisipeperuke hadi nyumbani kwa watu.