Ufundi wa Kumfuata Mtoto Baada ya Homa

Sayansi ya neva, yaani elimu inayochunguza ubongo na mishipa ya fahamu, hutajwa zaidi kwa mashine zake, lakini kazi iliyofanywa Kilifi, katika pwani ya Kenya, ina ufundi wa namna nyingine, nao ni kutomwacha mgonjwa siku anaporuhusiwa kurudi nyumbani. Charles Newton, daktari wa watoto aliyesomea udaktari Cape Town, alifika huko mwaka 1989, kituo cha utafiti kilipokuwa kikianzishwa kwenye hospitali ya wilaya, ili achunguze malaria ya ubongo, ambayo humpotezea mtoto fahamu na mara nyingi humletea degedege. Wodini, mtoto aliyefumbua macho akaomba maji huhesabiwa kuwa amepona; kwa Newton na wenzake hapo ndipo swali lilipoanzia, kwani ufuatiliaji wao ulidhihirisha kwamba baadhi ya watoto hao hubaki na kifafa, ugumu wa kusema au udhaifu wa kumbukumbu, ambao pengine huonekana baadaye darasani, ukadhaniwa kuwa ni uvivu.

Kuupima udhaifu huo ni kazi nyeti kuliko inavyodhaniwa. Jaribio lililotungwa Ulaya, lenye picha za vitu ambavyo mtoto wa Kilifi hajapata kuviona, hupima ugeni wa picha badala ya uwezo wa mtoto, na ndiyo maana mwanasaikolojia Amina Abubakar na wenzake waliunda kipimo chenye jina la Kilifi, kinachoangalia jinsi mtoto mdogo anavyotembea na jinsi macho na mikono yake inavyoshirikiana. Kipimo cha namna hiyo, kisichohitaji mtambo wa gharama kubwa, kinastahili heshima ile ile inayopewa darubini.

Subira ya kutoishia hospitalini ilitumika pia katika utafiti wa kifafa uliochapishwa mwaka 2013, uliowafikia watu zaidi ya nusu milioni Kilifi, Ifakara nchini Tanzania, mashariki mwa Uganda, Ghana na Afrika Kusini. Wadodosaji walianza kwa kuuliza maswali machache katika kila kaya, kisha wakawahoji waliohisiwa kuwa na ugonjwa, na mwishowe daktari akawapima. Kwa njia hiyo walipatikana hata wale ambao ugonjwa wao haukuwa umewahi kuandikwa katika daftari la hospitali yoyote. Ilibainika kuwa kifafa kinahusiana na vimelea, wakiwamo minyoo ya nguruwe, na pia na matatizo ya wakati wa kuzaliwa, jambo linaloufanya usafi wa choo na ustadi wa mkunga kuwa sehemu ya kinga ya ubongo.

Watoto wenye kifafa Kilifi walionekana pia kuwa na matatizo ya tabia na hisia mara nyingi zaidi kuliko wenzao, na Newton, daktari aliyeanza na homa, alifikia kuwa profesa wa magonjwa ya akili Oxford, huku utafiti wake ukiendelea Kilifi.