"Milho" si "mil"

Wandugu, wengi wetu tunasoma Kireno kwa nguvu ya Kifaransa, tunakisia tu. Kilatini "milium" ilikuwa nafaka ya mbegu ndogo ndogo. Kifaransa "mil" na Kihispania "mijo" vilibakia pale pale. Lakini Wareno, muhindi ilipotoka Amerika, waliipa jina lile la zamani: "milho". Mil yenyewe, kule Brazil, wanaita "milheto". Basi Embrapa Milho e Sorgo maana yake ni muhindi na mutama. Ukikosea hapo, mulimaji wa Beni utamupimia mbolea ya mumea mwingine. Na tusiwacheke Wareno: "muhindi" yetu nayo inataja India bure! Mbele ya kushauri mutu, tafuta kwanza jina la kisayansi: Zea mays.