Kunukuliwa si Kutajwa

Siku hizi mtaalamu anapotaka kupanda cheo chuoni, mara nyingi huulizwa namba yake. Namba hiyo si ya miaka aliyosomesha wala ya wanafunzi aliowalea. Ni hesabu ya mara ambazo maandishi yake yamenukuliwa na wenzake, na pengine ya wataalamu walioandika pamoja naye. Sisi wapenzi wa ushairi twaweza kudhani kuwa jambo hili halituhusu. Latuhusu, kwani tungo zetu nazo zimo katika hesabu hiyo.

Mwaka 1964 Eugene Garfield, mjini Philadelphia nchini Marekani, alitoa faharasa kubwa ya manukuu ya kisayansi. Nia ilikuwa njema: msomaji aweze kuufuata mkondo wa wazo kutoka makala moja hadi nyingine. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch, wa California, akaleta kipimo cha namba moja tu. Mwenye makala 10, ambazo kila moja imenukuliwa si chini ya mara 10, hupewa 10. Aliyeandika kitabu kimoja pekee, hata kikinukuliwa mara 1,000, hupewa 1.

Tusikikatae kipimo hiki kwa chuki. Hesabu iliyo wazi yaweza kumwokoa kijana hodari na upendeleo wa wakubwa. Lakini na tukilete pwani, tuone kitasema nini juu ya kazi tunayoijua.

Tungo nyingi za Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa wa karne ya 19, zimetufikia kwa juhudi za Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyezikusanya na kuzifafanua. Mmishenari W. E. Taylor alizipokea kutoka kwake, maandishi yakafika London, na mwaka 1940 William Hichens akazihariri zikachapwa kuwa diwani. Mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akatoa utafiti wake mkubwa juu ya malenga huyo. Anayeandika juu ya Muyaka leo huwanukuu Hichens na Abdulaziz, na ni haki yao. Sikujua hutajwa kwa heshima katika utangulizi, lakini faharasa haihesabu utangulizi wala shukrani. Kwa kipimo cha Hirsch, mtu ambaye bila yeye pengine tusingekuwa na diwani hiyo namba yake ni sufuri.

Hapa ndipo kasoro ilipo. Katika darasa za pwani mwanafunzi hakutosheka kutaja kitabu. Alimtaja mwalimu aliyemsomesha kitabu hicho, na mwalimu wa mwalimu wake. Hiyo ndiyo isnadi. Kutaja kulikuwa kukiri deni. Faharasa imekichukua kitendo hicho hicho ikakifanya alama za mashindano, na asiye na makala iliyochapwa hana alama.

Azimio la San Francisco la mwaka 2013 liliwataka wakuu wa vyuo waisome kazi yenyewe, wasitegemee sifa ya jarida lililoichapa. Ni wito mwema, ila haumfikii Sikujua, kwa kuwa jina lake halimo pale panapohesabiwa. Dawa iko mikononi mwa waandishi. Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa na P. J. L. Frankl waliandika pamoja, na majina yao yakachapwa bega kwa bega. Huo ni ushirikiano ambao hata faharasa huuona.

Basi, wewe mtafiti unayekuja visiwani na kinasa sauti, na wewe mwenyeji unayeandika tasnifu juu ya malenga wa mtaani kwako, jiulizeni kabla ya kuchapa: nani alinifafanulia neno hili? Jina lake liwekeni juu, penye majina ya waandishi, ikiwa kazi ni yake pia. Mwalimu Sikujua alijua mengi. Tusifanye jina lake liwe udhuru wetu.