Kusadikika: Nchi Yenye Mipaka Sita

Mtu akitaka kuiona Ukerewe ya Aniceti Kitereza, ile ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, hupanda meli hapa Mwanza na kushuka Nansio. Kwenda Kusadikika hakuna meli. Shaaban Robert aliiweka nchi hiyo angani, katika kitabu kilichotoka mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza. Ina mipaka sita: pande zote nne, mbingu juu na ardhi chini.

Wako wapendwa wanaouliza Mkristo ana kazi gani na nchi isiyokuwapo, tena iliyobuniwa na Mwislamu wa Tanga. Tukumbuke Nathani mbele ya Daudi, katika 2 Samweli 12. Mji wa yule tajiri na maskini hakuutaja jina, na kwa sababu hiyo mfalme alihukumu kwa haki, kabla hajajua kwamba anajihukumu mwenyewe. Nchi ya kubuni hufanya kazi hiyo hiyo. Msomaji hulaani dhuluma ya Kusadikika kwa moyo mweupe, kisha hujikuta nyumbani kwake.

Tuitazame ramani yake. Mipaka ni sita, na wajumbe waliotumwa nje ni sita. Kila mmoja alivuka mpaka wake, akaona wengine wanavyoishi, akarudi na jambo jema la kufaa nchi yake, na malipo yake yakawa kifungo. Haya ndiyo anayoyasimulia kijana Karama, anaposhtakiwa na Waziri Majivuno kwa kufundisha watu sheria. Basi historia ya Kusadikika imo ndani ya ramani yake: nchi iliyo wazi pande zote, na wakuu waliofunga masikio.

Hapo jina la nchi linachoma. Kusadiki ni neno la Biblia yetu. Katika Yohana 20 heri imetolewa kwa wasioona wakasadiki. Wakuu wa Kusadikika waliletewa habari na watu walioona kwa macho, wala hawakusadiki. Wanafunzi nao, katika Luka 24, waliyaona maneno ya wanawake waliotoka kaburini kuwa upuuzi. Je, usharikani kwetu, mshiriki akisimama mkutanoni kuuliza hesabu ya sadaka, au kijana akirudi kutoka usharika mwingine na utaratibu ulio bora, tunamsikiliza au tunamwita mkaidi?

Kitabu kina upungufu wake pia. Majivuno anaitwa Majivuno tangu mwanzo, kwa hiyo hatupati kazi ya kumtambua. Katika maisha hakuna mwenye jina hilo kwenye cheti cha ubatizo. Huyo tunayemsema huomba vizuri, hutoa sadaka nono, na huenda ndiye anayeongoza kikao.

Upungufu mkubwa zaidi uko mwishoni. Karama anajitetea kwa ufasaha, mfalme anaguswa, naye pamoja na wafungwa wanaachiliwa. Tunafurahi nao, lakini imani yetu haiwezi kuishia hapo. Yeremia alisema kweli akatupwa shimoni. Bwana wetu mbele ya Pilato alisema machache, na hukumu haikugeuka. Tukiwafundisha watoto wetu kwamba kweli ikisemwa vizuri hushinda siku hiyo hiyo, wataiacha siku ya kwanza itakaposhindwa. Msalaba unafundisha kuisimamia kweli hata pale ambapo mfalme hakuguswa, na kumwachia Mungu siku ya tatu.

Kwa hiyo tunashauri Kusadikika kisomwe katika umoja wa vijana, na wazee wa kanisa wakisome pia. Kisomwe pamoja na habari za mateso ya Bwana, na wasomaji waulizane: leo ni nani amerudi na habari njema kwetu, nasi tumemweka wapi?