La Haye walihesabu watu, nyumba na zahabu. Udongo je?

Wandugu, tunazungumuza mingi juu ya FRIVAO, lakini karibu kila mara ni juu ya liste: nani amelipwa, nani jina lake haliko. Mimi nataka turudi kwenye hukumu yenyewe, ile Korti ya La Haye ilitoa tarehe 9 Februari 2022. Uganda ilipe dola milioni 325: 225 kwa watu, 40 kwa mali, 60 kwa utajiri wa asili. Udongo hauna mstari wake.

Kongo iliomba zaidi ya dola bilioni 11. Juu ya misitu, Korti ilikubali kwamba mazingira yakiharibiwa yanaweza kulipwa, kisha ikakataa dai letu, sababu hatukuleta msingi wowote wa kupima hasara. Hapo ndipo ninalaumu serikali: dosiye nene, bei nyingi, vipimo kidogo. Marekani, shirika la mazingira EPA linatoa ruzuku moja ya kuchunguza ardhi inayoshukiwa kuwa na sumu, na nyingine ya kuisafisha. Kwanza sampuli, halafu katerpilari.

Juni 2000, Rwanda na Uganda walirushiana mabomu zaidi ya 6,000 ndani ya Kisangani, siku 6. Bomu haimalizike siku inalia. Vipande vinaweza kuacha shaba na madini ya risasi, na udongo wetu wa Tshopo uko na asidi: kwa udongo wa namna hiyo madini yanaingia mumea vyepesi, na majani kama pondu yanabeba kuliko punje za muhindi. Sisi wa Bengamisa tunapeleka pondu mjini, lakini wamama wengi wa Kisangani wanalima pale pale nyuma ya nyumba.

Kazi yenyewe haiko ya ajabu. (Wategua mabomu wapite kwanza, bila shaka.) Unachukua udongo wa sentimita 20 za juu, sehemu mbalimbali za shamba, unachanganya, unapeleka labo. Risasi ikionekana, unaweka chokaa kupunguza asidi, unahamisha mboga, pale pabaya zaidi unapanda miti.

Malipo ya mwisho ya Uganda yalipangwa Septemba 2026. FRIVAO, mbele ya kujenga kitu kingine, lipeni vipimo vya ardhi, kazi mupatie vijana wa agronomia wanaokaa bure na lisansi yao. Matokeo yabandikwe kwenye komini, kwa Kiswahili na Lingala, mama ajue kama pondu yake inaliwa.